Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kimlinde na mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo nililokaa nalo tangu Januari, la watoto wanaopigwa nyumbani. Mimi ni fundi cherehani hapa Muheza, mkoani Tanga, nina umri wa miaka 62, na kazi hii nimeianza mwaka 1988. Nashona nguo za kila aina lakini kinachonilisha hasa ni sare za shule. Kuanzia katikati ya Desemba mpaka shule zinapofunguliwa, kibanda changu hakikaliki. Wazazi wanaleta watoto watatu watatu, kitambaa cha tetroni kimezagaa mpaka mlangoni, na mimi futi haitoki shingoni kuanzia asubuhi mpaka magharibi.

Kumpima mtoto kuna utaratibu wake. Unaanza bega kwa bega, unashuka mkono, unazungusha kifua, kisha kiuno, kisha urefu. Mtoto akiwa amevaa nguo nzito namwambia avue, maana futi ikipita juu ya nguo nzito inadanganya na shati linatoka kubwa. Mwezi Januari bibi mmoja aliniletea mjukuu wake anayeingia darasa la tatu. Joto la Muheza la Januari linajulikana, na yule mtoto alikuwa amevaa sweta. Nikamwambia avue. Akamtazama bibi yake kwanza, kisha akavua taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine, kama mzee.

Nilipoweka futi kwenye bega la kushoto alijikunja. Nikamwambia, "Simama wima baba, sikuumizi." Akasimama, akauma meno. Nilipozunguka nyuma ndipo nikaona. Fulana ya ndani ilikuwa imegandia mgongoni sehemu moja, na pale ilipokuwa wazi palikuwa na mistari iliyovimba, kila mstari una kitanzi mwishoni, mfano wa kile kitanzi tunachoshona cha kushikia kifungo. Fundi anatambua uzi na kamba kwa alama zake. Ule ulikuwa waya wa umeme uliokunjwa mara mbili.

Bibi akasema kwa sauti ya chini, "Baba yake alimrudi. Alitumwa sabuni akarudi na giza." Mtoto hakusema neno. Futi sikuilaza mgongoni mwake. Nilimshonea kwa kukadiria, nikaongeza inchi mbili ili shati lisimguse.

Kesho yake nilifunga kibanda, nikaenda na yule bibi na mtoto kwenye ofisi inayohusika na mambo hayo. Sitaitaja, wala sina nia ya kumsema mtu. Kijana tuliyemkuta alituamkia kwa adabu, akatupa viti, akamtazama mtoto, akasikitika kweli. Kisha akafungua kitabu cha sheria akatusomea. Alisema mzazi anaruhusiwa kumrudi mwanawe, isipokuwa isizidi kiasi. Kwa hiyo ilibidi ajue kama baba huyu amezidisha. Akauliza alama ni ngapi. Akauliza zina urefu gani. Na mimi, Mhariri, nilikuwa nimetoka kazini nikiwa na futi shingoni bila kujua. Aliitazama ile futi, nami nikamtazama, na hakuna kati yetu aliyetamka kilichotupitia akilini. Nikaivua nikaiweka mkobani.

Baba aliitwa, akaonywa, akatia saini karatasi, akarudi nyumbani na mwanawe siku ile ile.

Binti wa dada yangu ni msaidizi wa kisheria. Nilipomsimulia, alinichapishia ile sheria nikaisoma mwenyewe usiku. Ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13. Sehemu ya kwanza ya kifungu ni nzuri kabisa: mtu yeyote asimtese mtoto, asimpe adhabu ya kikatili wala ya kumdhalilisha. Ungeishia hapo ungesema mtoto wa Tanzania amehifadhiwa. Lakini inafuata sehemu ya pili. Hiyo inasema, kwa maneno yangu, kwamba kumrudi mtoto hakutahalalishwa kukiwa kumezidi kiasi, kwa aina au kwa ukali, kulingana na umri wake na hali ya mwili na akili yake. Tena inasema hakuhalalishwi ikiwa mtoto ni mdogo mno kuelewa kwa nini anarudiwa. Igeuze sentensi hiyo uone upande wake wa ndani, kama tunavyogeuza nguo kuona mishono. Maana yake ni kwamba kupiga kwa kiasi kunahalalishwa, na mtoto akishapata akili ya kuelewa ndipo anapokuwa wa kupigwa.

Kiasi ndilo neno la kazi yangu. Kiasi cha kiuno nakijua, kiasi cha pindo nakijua, na mteja akinuna tunatoa futi tunapima tena mbele yake. Kiasi cha fimbo kinapimwa na nani, kwa futi gani, saa ngapi? Anayepima ni yule yule mwenye fimbo mkononi, na anapima akiwa na hasira. Wengine wote tunakuja kupima baadaye, juu ya mgongo ulioumia. Hata mwalimu shuleni, ambaye kanuni za elimu zinamruhusu kuchapa, amewekewa idadi: viboko visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kitabuni. Nami hizo kanuni sizitaki, ningefurahi zifutwe leo. Lakini angalau zina namba. Nyumbani hakuna namba, hakuna kitabu, na mlango umefungwa.

Sasa niseme langu, maana si haki kumwandika baba wa mtu nikajiacha.

Mwaka 1999 mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka tisa. Mteja alikuwa ameniletea vitenge vya sare ya harusi, doti sita, nimekwisha kuvikata nusu. Nilitoka kwenda sokoni kutafuta uzi wa rangi yake. Niliporudi nikakuta kipande cha mbele cha gauni moja kimekatwa mkasi katikati, na mwanangu yuko uwanjani na wenzake wanacheza chandimu, mpira wa matambara umevalishwa kitenge cha watu. Kosa lilikuwa lake, wala hakukana. Nililipa kitenge kile kwa faida ya wiki mbili.

Nilimvuta ndani. Ukutani kulikuwa na mkanda wa akiba wa cherehani, ule wa ngozi unaozunguka gurudumu la chini. Nikautungua. Wanaozijua cherehani za kanyagio wanajua mkanda ule unaunganishwa kwa kibanio kidogo cha chuma. Sikukikumbuka kibanio. Sikukumbuka lolote. Nilipiga mpaka mkono ukachoka, na nilipoacha damu ilikuwa inatoka chini ya sikio lake la kulia, inaingia kwenye kola niliyoishona mwenyewe. Alikuwa amejikunja chini ya meza ya kukatia, katikati ya mabaki ya vitambaa, na alikuwa anasema, "Nitakushonea mama, nitakushonea."

Jirani zangu walisikia. Mmoja alikuja mlangoni, akasema, "Basi mama, imetosha." Hakusema nimekosea. Alisema imetosha, maana yake kabla ya hapo ilikuwa bado haijatosha. Nilipompeleka akashonwe nyuzi tatu, mganga aliuliza amefanyaje, nikasema ameanguka kwenye cherehani. Mtoto alikuwa amesimama pale anasikia. Nimemfundisha mengi mwanangu, na siku ile nilimfundisha kusema uongo mbele ya daktari.

Kama ningeulizwa jioni ile, ningekwambia nimempiga kwa kiasi. Ningekwambia kwa moyo mweupe kabisa. Alikuwa na kosa, alikuwa na miaka tisa, alielewa kwa nini. Masharti yote ya kifungu cha 13 yametimia, limebaki lile la kiasi tu, na kiasi nilikuwa nimekipima mimi.

Miaka sita baadaye, mwaka 2005, niliteuliwa kuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo, wale mnaotuita wazee wa baraza. Nilikaa pembeni ya hakimu mpaka 2013. Huko ndiko nilikokutana na kifungu ambacho ndicho kisa cha barua yangu.

Mwanamume mmoja alishtakiwa kwa kumpiga mkewe. Hakukana. Alisimama kizimbani, kanzu imepigwa pasi, akaeleza kwa utulivu kwamba mkewe alimjibu vibaya mbele ya wageni, na yeye kama mume alimtia adabu kidogo, kama mila inavyoelekeza, hakumvunja mfupa. Aliongea kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mmoja chumbani analijua. Hakimu wetu, mwanamke mtaratibu sana, alimwacha amalize. Kisha akafungua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, akamsomea kifungu cha 66. Ni sentensi moja tu. Inatamka, ili kusiwe na shaka, kwamba hata mila ikisema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga.

Nilimwona yule bwana mdomo ukifunguka na kufungika. Utetezi wake wote ulikuwa umekwisha. Hatukuuliza makofi mangapi. Hatukuuliza kama alitumia fimbo au mkono. Hatukuuliza kama mke alielewa sababu ya kupigwa. Baada ya sentensi ile lilibaki swali moja: umempiga, hukumpiga? Na alikwisha kusema amempiga.

Mwaka 1971, Mhariri. Miaka kumi tu baada ya uhuru. Nchi ilikuwa changa, watu wengi hawajui kusoma, na kumpiga mke lilikuwa jambo la kawaida mno, pengine la kawaida kuliko kumchapa mtoto leo. Bunge halikusubiri wanaume wote wakubali. Wala halikuandika kwamba mke apigwe kwa kiasi kulingana na umri na hali yake. Liliandika hakuna haki hiyo. Wanaume wangapi wamepiga wake zao tangu hapo? Wengi, nimekaa barazani nimewaona. Lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kusimama akasema sheria iko upande wake, na mwanamke aliyekuja analia hakuulizwa urefu wa alama zake.

Sasa niambieni. Mke mtu mzima, mwenye nguvu za kukimbia, mwenye kwao pa kurudi, mwenye mdomo wa kusema, sheria imemwambia tangu 1971 kwamba hapigwi. Mtoto wa miaka minane, ambaye hana kwingine pa kwenda ila kwa huyo huyo anayempiga, sheria ya 2009 inamwambia apigwe kiasi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 nayo imeacha mwanya huo huo: mzazi amwadabishe mwanawe, ilimradi asimdhuru mwili na akili. Wamesema vizuri kidogo, lakini tumerudi pale pale, nani atapima madhara ya akilini?

Najua nitakayojibiwa, maana nimeshajibiwa kibandani, msibani, hadi kwenye daladala.

Wanasema huu ni uzungu. Mimi nilidhani hivyo hivyo mpaka binti wa dada yangu aliponionyesha hilo neno kiasi lilikotoka. Mwaka 1860 huko Eastbourne, Uingereza, mwalimu aitwaye Thomas Hopley alimpiga mwanafunzi wake, kijana wa miaka 15, saa za usiku, mpaka akafa. Baba wa mtoto alikuwa amemwandikia barua ya kumruhusu kumwadhibu. Alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, lakini jaji akatamka kwamba mzazi au mwalimu ana ruhusa ya kumpiga mtoto ikiwa ni kwa kiasi. Kesi hiyo ndiyo inayotajwa mpaka leo wanasheria wanapozungumzia adhabu ya kiasi, na sheria za Waingereza zilikuja nao kila walikotawala. Maneno ya kifungu chetu cha 13 yenyewe yanafanana karibu neno kwa neno na Sheria ya Watoto ya Ghana ya mwaka 1998. Yote hayo yametufikia kutoka nje. Uskoti wameshaliacha hilo neno tangu Novemba 2020, na Wales tangu Machi 2022. Sisi tumelikumbatia tukisema ni mila ya babu zetu.

Na Waafrika wenzetu je? Togo walikataza mwaka 2007. Zambia mwaka 2022. Afrika Kusini, tarehe 18 Septemba 2019, Mahakama ya Katiba chini ya Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng iliifuta ruhusa ya kuchapa kwa kiasi, katika shauri lililoanza na baba aliyempiga mwanawe wa miaka 13. Na jirani zetu Kenya, Ibara ya 29 ya Katiba yao ya 2010 inasema mtu asifanyiwe ukatili na yeyote, awe wa serikali au mtu binafsi, wala asipewe adhabu ya viboko. Kutoka hapa Muheza kwenda Horohoro ni safari ya asubuhi moja. Nina ndugu upande wa pili, Lunga Lunga. Watoto wetu wanacheza pamoja sikukuu za Idi, wanazungumza lugha moja, wanakula pilau sahani moja. Jioni wakitawanyika, mmoja analala palipo na katiba inayosema hapigwi, mwenzake analala palipo na sheria inayosema apigwe kiasi. Sisemi Kenya hawachapi. Wanachapa, ndugu zangu wenyewe nimewaona. Ila mtoto wa kule akifikishwa ofisini, hakuna anayetafuta futi.

Wengine wanauliza, sasa wazazi wote tufungwe? Hili ni swali la haki na ningependa wabunge walijibu vizuri. Sheria ya sasa, kifungu cha 14, inataja faini isiyozidi shilingi milioni tano au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote. Milioni tano kwa mama muuza machungwa wa Muheza ni sawa na kumwambia alete mwezi. Kwa hiyo nani atamshtaki? Hakuna, na wote tunanyamaza. Uswidi, waliokuwa wa kwanza duniani mwaka 1979, walifanya kama sisi tulivyofanya kwenye ndoa. Waliandika katika sheria yao ya familia kwamba mtoto asipewe adhabu ya mwili, bila kuweka adhabu mpya hapo. Aliyejeruhi alibaki kushtakiwa kwa sheria ile ile ya kushambulia inayowahusu watu wote. Kisha wakalitangaza hilo hata kwenye pakiti za maziwa, familia iyasome mezani asubuhi.

Sisi pakiti za maziwa si kila nyumba inazo. Lakini kila mama anayezaa anapewa kadi ya kliniki ya mtoto. Inakaa kwenye mfuko wa plastiki, inafungwa kwenye khanga, inatunzwa kuliko vyeti. Mimi za wanangu ninazo zote. Iandikwe pale, karibu na chati ya uzito na tarehe za chanjo: mtoto huyu hapigwi, na hakuna mila wala sheria inayoruhusu. Nesi amsomee mama siku ya kwanza ya kliniki, akiwa bado amemshika mtoto wa siku saba. Baba aliyekuja naye asikie.

Wapo wanaonijia kwa dini, na hapo nazungumza kwa heshima kwa sababu mimi mwenyewe ni Muislamu. Najua hadithi ya sala, kwamba mtoto aamrishwe kusali akiwa na miaka saba, na apigwe akiiacha akiwa na miaka kumi. Najua pia masharti ambayo wanazuoni wameyaweka: si usoni, si kwa hasira, si kwa kuacha alama. Nimekaa miaka 37 nikiona migongo ya watoto na sijaona hata mmoja uliopigwa kwa masharti hayo. Na najua aliyoyapokea Bi Aisha, kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi, isipokuwa vitani. Na Anas, aliyemtumikia miaka kumi tangu akiwa mtoto, alisema hakuwahi kuambiwa hata "ah". Miaka kumi ya kumtuma mtoto. Sisi mtoto akichelewa na sabuni tunakunja waya.

Kuhusu adabu, nitasema nilichoishi. Baada ya siku ile ya mkanda sikuwahi tena kumpiga mtoto, na nilipata wengine wawili. Haikuwa rahisi, nisidanganye. Binti yangu wa mwisho alikuwa mkaidi, anajibu, anapoteza vitu. Kuna siku nilitoka nje nikazunguka nyumba mara tatu ili mikono itulie. Alipochana kitabu cha shule alikaa kibandani wiki nzima akiondoa nyuzi za mishono niliyokosea, sindano na wembe, mpaka akalipia kitabu. Alilia zaidi ya ambavyo angelia kwa fimbo mbili, maana fimbo zinakwisha akaenda kucheza. Lakini alikuwa anakuja kuniambia makosa yake kabla sijayagundua. Kaka yake hakuwahi. Tangu ile siku, mwanangu wa kwanza hakuniambia jambo baya lililompata mpaka alipokuwa mtu mzima, na mengine nimeyasikia kwa watu.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, ukatoka 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka wa utafiti ndio mwaka wa Sheria ya Mtoto. Wabunge walipoandika kiasi, robo tatu ya watoto walikuwa tayari wamepimwa.

Ninachoomba ni kidogo. Sehemu ya pili ya kifungu cha 13 ifutwe, na mahali pake wachukue sentensi ya kifungu cha 66 kama ilivyo, wabadilishe tu yule anayelindwa: ili kusiwe na shaka, na hata mila ikisema vinginevyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mtoto kwa kumpiga. Hakuna haja ya kamati ya kwenda kujifunza Ulaya. Sentensi tunayo, ni yetu, na imefanya kazi mahakamani tangu wengi wa wabunge hao hawajazaliwa. Kesi ndogo za mzazi aliyezaba kofi zibaki kwa maofisa wa ustawi wa jamii, wamfundishe, wamfuatilie, na waongezwe, maana nilivyoona hawatoshi hata kwa wilaya yetu. Mwenye waya na mwenye mkanda wa chuma aende mahakamani kama anavyokwenda aliyempiga jirani yake.

Nawaomba wabunge wa Tanga waanze. Mbunge atakayehitaji mtu wa kueleza kamati mgongo wa mtoto unavyokuwa, nitafunga kibanda nipande basi la Dodoma kwa nauli yangu.

Kabla ya kuandika barua hii nilimpigia simu mwanangu wa kwanza. Ni dereva wa lori sasa, ana mke na mtoto wa kiume wa miaka sita. Nilimwuliza kama naruhusiwa kuandika habari za mkanda na kovu lililo chini ya sikio lake. Alinyamaza kwa muda, nikasikia injini ya gari. Kisha akasema, "Andika mama. Jina langu usiweke." Halafu akaniuliza kama kile kitenge niliwahi kumlipa yule mama. Nikamwambia nililipa. Akasema yeye miaka yote alikuwa akidhani bado kinadaiwa, na kwamba alikuwa anaweka hela.

Wako,
Fundi cherehani,
Muheza, Tanga.